Shibiri Mbili za Trela

Mmenifuata wenyewe hapa barazani, kwa hiyo msianze kuchungulia simu wakati naongea. Mnasema mmeanza kazi ya turubai pale Chapwa, kando ya barabara, na watu wamewaambia yupo mzee mmoja aliyeshona maturubai ya malori mpaka macho yakagoma. Ndiye mimi. Macho yamegoma kweli. Nikijaribu kutunga uzi siku hizi naishia kujichoma kidole. Ila mdomo bado unafanya kazi, na mke wangu atawaambia unafanya kazi kupita kiasi.

Haya, nionesheni mikono. Wewe, mikono laini namna hiyo, umeanza lini? Wiki ya tatu? Basi bado. Ngoja ipasuke, ipone, halafu ipasuke tena. Ikipona mara ya pili ndiyo tuzungumze habari za kushona.

Mteja akikuletea turubai, usikimbilie tundu. Tundu ameshaliona mwenyewe, ndiyo maana kaja. Litandaze chini lote, vua viatu, utembee juu yake peku. Mguu unajua mambo ambayo jicho halijui. Pale lilipokunjwa miaka yote, kwenye ile mikunjo, utasikia pamelegea, pamekuwa kama kitambaa cha kufutia meza. Hapo ndipo litakapochanika mwezi ujao, na dereva atakuja kukutukana kwa kuziba tundu ukaacha mkunjo.

Hayo nilifundishwa na Bashi Chanda, Mbemba kutoka ng'ambo, Nakonde. Bashi Chanda kwao ni kama kusema Baba Chanda. Alikuwa na meza yake upande wetu, karibu na geti la mpaka, na shazia moja ndefu, ile sindano ya magunia, aliyoichomeka kwenye kofia. Wakati huo turubai lilikuwa la pamba nzito, unapaka uzi nta kwanza, unavuta mpaka mabega yanalia. Siyo haya yenu ya plastiki mnayobandika kwa gundi na mashine ya hewa ya moto. Nikivuta uzi kwa pupa ananipiga kidole na kijiti. "Panono panono," anasema, taratibu, kidogo kidogo. Nikivuta taratibu ananiambia mimi ni mvivu. Mwalimu wa namna hiyo hamtampata tena, mshukuruni Mungu.

Ndiye aliyenifundisha pia kusema "njoo kesho". Msicheke! Ile ni sehemu ya ufundi. Dereva yuko kwenye foleni ya malori, hajui kama geti litamfikia leo au wiki ijayo. Ukimwambia turubai lake liko tayari, anakuja kukaa mezani kwako, anaanza kulikagua, anakuonesha matundu ambayo hata hayakuwepo. Ukimwambia Alhamisi, anahamia kwa fundi mwingine. Lakini kesho, aah, kesho kila mtu anaivumilia. Nimesema njoo kesho maisha yangu yote, na turubai mara nyingi lilikuwa limeshakunjwa chini ya meza. Nilijivunia sana uongo huo. Mara moja tu ndiyo ulinitoa machozi, na hiyo ndiyo habari ya yule mtu kwenye picha.

Eeh, hiyo hapo ukutani. Najua mmeitazama tangu mmeingia, mkaona aibu kuuliza. Siyo lori. Ni mtu.

Jina lake Lameki, ila ukisema Lameki hapa mjini hakuna atakayekuelewa. Tulimwita Trela. Alizaliwa Mbozi, kwenye kahawa, akaja mpakani kijana, akawa utingo wa malori ya masafa marefu, na alipochoka kulala juu ya mizigo akabaki hapa kuosha malori yanayosubiri foleni. Mtu mfupi, mpana, mcheshi, anaongea kama anayemwita mtu wa upande wa pili wa barabara. Aliipenda timu ya mji wetu kuliko nilivyowahi kuona mtu anapenda kitu. Na timu yenyewe ilikuwa ya kufungwa, jamani. Msimu mzima tunashinda mara tatu, na moja kati ya hizo wapinzani gari lao limeharibikia njiani.

Siku moja akaja mezani kwangu na mabaki ya turubai la kijani mabegani. "Fundi," ananiambia, "nishonee trela."

"La gari gani?"

"La kwangu. La kuvaa."

Nikadhani amekunywa. Hakuwa amekunywa. Alitaka kwenda uwanjani amevaa trela la lori, na magurudumu ya kuchora ubavuni, na taa nyekundu nyuma, na honi ya upepo halisi ambayo angeipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nikamuuliza, sasa bwana we, ukitaka kuwa gari si uwe gari zima? Kwa nini trela tu, kichwa kiko wapi?

"Kichwa ni timu," akasema. "Kichwa kikienda nafuata. Kikipanda mlima nafuata. Kikianguka mtaroni, fundi, si unajua nani anaanguka nacho?"

Akataka na maandishi mgongoni, kama malori yanavyoandikwa: NIPO NYUMA YENU.

Basi nikamshonea. Na hapa sikilizeni, kwa sababu ni kosa ambalo asingelifanya fundi wa nguo. Ni sisi tu wa turubai tungelifanya. Nilichukua kamba nikampima akiwa amesimama wima, mikono imeshuka, kimya. Bega mpaka bega, kidevu mpaka goti, mzunguko wa kifua. Ninyi mmeshafundishwa kwamba turubai likilegea upepo unaingia chini, linapigapiga, linachanika. Lazima libane mzigo. Kwa hiyo nikambana. Nikaweka waya mgumu ndani, nikapiga pete kumi na moja mgongoni za kupitishia kamba, nikamfunga, nikarudi nyuma hatua mbili nikatazama. Hakuna palipokunjamana. Nilijiona mimi ndiye fundi wa mkoa.

Jumapili ile, kwa maajabu ya Mungu, timu ikafunga goli. Uwanja mzima mikono juu. Trela naye akataka kunyanyua mikono, haikwenda. Akavuta, haikwenda. Akaamua kuruka, na magoti nayo nimeyabana, akaenda chini chali, puu! Akabaki pale, honi inalia yenyewe kwa sababu ameilalia pampu. Watu wakadhani ndiyo mtindo wa kushangilia. Wakambiringisha kando ya uwanja kutoka goli hadi goli, wanaimba, na yeye ndani anapiga kelele kwamba anakufa, hakuna anayemsikia.

Jumatatu alikuja, pua imechubuka. "Fundi, umenifunga kama saruji."

"Nimekufunga vizuri."

"Vizuri mno. Timu imefunga goli mimi nimeshindwa kunyanyua mikono. Miezi minne nalisubiri goli lile!"

Alikuwa amekasirika kweli, halafu akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka madereva wakashuka kwenye malori kuja kuuliza kuna nini. Nikachukua kamba upya. Nikamwambia, sasa usisimame kama gunia. Jifanye wamefunga. Na mtu mzima yule, palepale kando ya barabara, akaanza kuruka na kunyoosha mikono na kupiga kelele "Gooo!", nami namzunguka na kamba, madereva wanapiga makofi, kondakta mmoja Mzambia anauliza mechi iko wapi. Nikaona kasoro yangu. Kila bega lilihitaji shibiri moja zaidi. Nikaongeza shibiri mbili, nikazikunja kwa ndani zisionekane, zikawa zinafunguka tu akinyanyua mikono. Mkinisikia nasema pimeni kitu kikiwa kazini, mjue nilijifunza wapi. Mzigo haurukiruki, lakini mtu anaruka.

Tangu siku hiyo lile vazi lilikuwa lake miaka mingi. Alienda nalo Vwawa, alienda nalo Mbeya juu ya lori la mbao, akaamriwa kushuka kwenye mzani kwa sababu askari hakuelewa anatazama kitu gani. Mara mbili kwa mwaka analeta nilitengeneze. Zito, aisee. Tuliwahi kulitundika kwenye mzani wa mahindi, mshale ukasimama kilo kumi na nne, honi ikiwa haijapimwa.

Asingeweza kulivaa peke yake. Pete ziko mgongoni, lazima mtu amfunge. Mfungaji alikuwa mke wake, Mama Neema, mama mrefu, mpole, muuza karanga pale stendi. Yeye uwanjani hakuwahi kukanyaga, alisema mpira unamtia kizunguzungu. Lakini kila siku ya mechi alimfunga, pete kumi na moja, na kila pete anataja jina la mchezaji, kuanzia golikipa. Timu ikibadilisha wachezaji, Trela anamfundisha majina upya jikoni. Niliwakuta siku moja wakifanya hivyo. Mama Neema anavuta kamba, anasema, "Huyu namba sita bado mnamchezesha? Juzi si ulikuwa unamlaani?" Naye Trela, uso kwa ukuta, anajibu, "Funga tu, mama, ameomba msamaha." Nikarudi nyuma mlangoni bila kubisha hodi. Kuna nyumba ukikuta watu wanafurahi hivyo, unaona kama unaiba.

Halafu moyo wake ukaanza kumsumbua. Alianza kuvimba miguu, akipanda kile kilima kidogo cha uwanjani anasimama mara tatu. Ilikuwa msimu ule ambao timu yetu, sijui walikula nini, ilikuwa inashinda. Imebaki mechi moja tu ya nyumbani, wakishinda wanapanda daraja. Trela akaniletea vazi siku kumi kabla, kamba imelika na bega limefumuka. "Hili litengeneze kuliko yote," akaniambia. "Siku ile nataka wanisikie mpaka Nakonde."

Kesho yake alfajiri sana nikamwona Mama Neema mezani kwangu, kapu la karanga kichwani. "Shemeji," akaniambia, "nimekuja kukuomba jambo ambalo si zuri."

Akatua kapu. Akanieleza kwamba daktari amesema moyo umetanuka, kubeba kitu kizito marufuku, kuruka marufuku, na kwamba akivaa lile turubai siku ya mechi ile, kwa jua lile na kelele zile, anaweza asirudi. "Nikimwambia asivae ananijibu sawa mke wangu. Halafu namkuta chumbani anafanya mazoezi ya kunyanyua mikono. Mimi sitaki kugombana na mtu anayeumwa. Wewe usilimalize tu. Mwambie kesho. Ninyi mafundi si ndiyo maneno yenu?"

Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji, nina mume mmoja."

Nikakubali.

Vazi lenyewe nilikuwa nimeshalimaliza siku hiyohiyo kabla ya saa sita mchana. Nikalikunja, nikaliweka juu ya kiti changu, nikalikalia. Trela akaja. "Vipi fundi?" Njoo kesho. Akaja kesho yake. Njoo kesho. Siku tisa, wajukuu zangu, mtu anayeumwa moyo anatembea kutoka nyumbani kwake mpaka mezani kwangu, ananisalimia vizuri, ananiuliza, nami nimelikalia turubai lake namwambia uzi haujafika. Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. "Kesho ndiyo mechi," akasema. Nikamwambia, najua, najitahidi. Akaniangalia, akasema haya, akaondoka.

Siku ya mechi nilikwenda, nimwangalie kwa mbali. Alikuja amevaa shati la kawaida la mikono mirefu, la kanisani. Yule jamaa wa getini, aliyemfungulia miaka yote kabla hata hajafika, akamnyooshea mkono: "Tiketi, mzee." Hakumtambua! Trela akajipapasa, akatoa tiketi, akaingia. Akakaa safu ya tatu. Mimi nikakaa nyuma yake, watu watano katikati. Uwanja ulijaa siku hiyo, lakini kila mtu anageuka geuka anatafuta. Kijana mmoja mwenye skafu ya timu akamwinamia yeye mwenyewe, akamuuliza kwa adabu, "Samahani mzee, hujamwona Trela leo?"

Nilimsikia akijibu. Alisema, "Sijamwona."

Tulitoka sare, tukabaki palepale tulipokuwa. Hilo si kosa la mtu, mpira ndivyo ulivyo. Lakini wakati wa kutoka wachezaji walikuja pembeni kama kawaida yao kupungia pale anaposimamaga Trela, wakakuta watu tu wamesimama. Yeye alikuwa mita chache, ameshika nguzo, hakunyanyua mkono.

Baada ya siku hiyo aliacha kutoka nyumbani. Redio ya mpira hataki. Chai ananyweshwa. Watu wakimtembelea anawaitikia kwa adabu kama wageni. Mwezi ukaisha hivyo. Nilipita mara mbili, sikuthubutu kukaa. Ndipo Mama Neema akarudi mezani kwangu, safari hii hana kapu.

"Nilikuwa namlinda asife, shemeji," akasema. "Sasa amekaa pale ukutani, hafi wala haishi. Sikujua nilikuwa naomba nini." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Huwezi kushona jepesi?"

Jepesi! Mimi, fundi wa turubai, mikono hii. Lakini niliitika kabla hajamaliza kusema.

Nikaenda mpakani kwa akinamama wauzao vitu chini ya miavuli mikubwa, nikawaomba miavuli iliyovunjika. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi na hakipitishi maji, ila kinateleza, na ukikichoma na shazia unatoboa dirisha. Ilibidi ninunue sindano ndogo kama za shule. Nikikamata sindano ile vidole vyangu haviioni. Bashi Chanda wakati huo alishafariki, namshukuru Mungu hakuniona. Badala ya waya nikaagiza fito za mianzi kwa shemeji yangu kule Mbebe, Ileje, nikazipasua, nikaziloweka siku mbili, nikazipinda zikiwa mbichi. Mwanzi ukiupinda mkavu unakuvunjikia usoni, kumbukeni hilo. Na chini nikafunga magurudumu manne ya baiskeli za watoto na kiti kidogo ndani, akae, asibebe kitu. Kamba ya kuvutia mbele. Mabegani shibiri mbili, bila hata kufikiri.

Halafu nikaenda kwake. Alikuwa amekaa ukutani kama nilivyoambiwa. Nikamwambia, "Trela, njoo Alhamisi uchukue vazi lako."

Akageuza kichwa. "Alhamisi?"

"Alhamisi, saa nne."

"Fundi, unaumwa?"

Nikashindwa kujizuia. Nikakaa chini kwenye mkeka wake nikamwambia yote. Kwamba turubai lilikuwa tayari siku ya kwanza. Kwamba nililikalia. Nikamwomba radhi, na niliposema neno radhi machozi yakanitoka, mtu mzima mimi.

"Najua," akasema. "Siku ya pili niliona kona ya kijani imetokeza chini ya makalio yako. Mgongoni kwangu pale, penye herufi N."

"Sasa mbona uliendelea kuja?"

Akatazama kwanza mlangoni kama Mama Neema yuko karibu. "Nikirudi nikimwambia fundi kasema kesho, alikuwa analala usingizi. Wewe hujui alivyokuwa halali. Siku tisa alilala vizuri. Ila mechi ile, fundi, mechi ile iliniuma."

Kila mmoja wetu alikuwa anamdanganya mwenzake kwa mapenzi, na yeye peke yake ndiye aliyelipia.

Mechi ya kwanza ya msimu mpya nilikuwa getini mapema nimvute, tulikubaliana hivyo. Nikaona trela linakuja kutoka chini ya kilima, jepesi, la rangi kumi za miavuli, linang'aa, na anayelivuta ni Mama Neema. Amejifunga kanga kiunoni, kamba begani. Nikakimbia kumpokea, akakataa. "Nimeshamfunga mimi, nimvute mimi," akasema. Akageuka nyuma: "Wewe piga honi, mimi navuta." Mwanamke ambaye mpira unamtia kizunguzungu! Watu walisimama, yule jamaa wa getini akafungua geti pande zote mbili, na wachezaji waliokuwa wanapasha misuli wakaacha mipira wakaja kupiga makofi kando ya mstari.

Trela alinyoosha mkono akanishika shati. "Fundi, umeona? Leo nina kichwa." Alikuwa analia na kucheka, na honi anaipiga hovyo. Hatukushinda siku hiyo pia, ila hata sikumbuki tulifungwa mangapi.

Tulikaa naye msimu mmoja na robo tatu hivi. Hakufia uwanjani kama tulivyoogopa. Alifariki nyumbani, asubuhi, Mama Neema yuko pembeni anamenya karanga. Watu waliomzika sikuwahi kuwaona wengi vile Chapwa, na skafu zao. Timu ilikuja na basi.

Mvua zilikuwa zimeanza. Siku ya nne baada ya mazishi Mama Neema akaja mezani kwangu, tope mpaka magotini. Nilikuwa bado nafanya kazi kidogo kidogo, macho yameshaanza ukungu. Akaniambia udongo wa kaburi unateremka, na saruji haiwezi kuwekwa mpaka kiangazi. "Lile zito," akauliza, "lile la kijani, bado unalo?"

Nilikuwa nalo. Chini ya kiti.

"Nataka nimfunike mpaka mvua ziishe."

Mdomo wangu ulishashika maneno yangu ya siku zote, njoo kesho, lakini sikuyasema. Nikamwambia tuondoke sasa hivi. Tukaenda makaburini, nikapima kwa kamba, urefu, upana, mzunguko. Nilipima vizuri kuliko nilivyowahi kupima kitu. Hapo hapakuwa na kuruka. Mzigo ulikuwa umetulia kabisa, kama ule niliodhani nimeupima siku ya kwanza.

Tukarudi. Nikalifumua lile vazi, nikalitandaza, nikavua viatu nikatembea juu yake peku kutafuta mikunjo. Nikatoa waya wote. Maandishi ya mgongoni nikayaacha juu, yatazame barabara. Pete kumi na moja nikazihamishia pembeni za kufungia vigingi, na Mama Neema alikuwa ananitungia uzi kwa sababu mimi sioni, akitaja majina kila pete ikiingia, kuanzia golikipa. Namba sita alimtaja naye.

Nilipofika upande wa kichwani nikaongeza vipande viwili, kimoja huku, kimoja huku, nikavikunja kwa ndani. Akaona.

"Shemeji, si umepima? Hizo mbili za nini? Mtu amelala."

"Shibiri mbili," nikasema. "Na wakifunga je?"

Akachukua sindano mkononi mwangu, akanitungia uzi mwingine.